Nani Amechekwa? Kichekesho cha Jukwaani na Watazamaji Wasiokubaliana

Mume amemsukumia mke wa pili bafuni na kutia komeo. Mke wa kwanza anabisha mlango wa mbele, mkononi ana mfuko wa sukuma wiki na mkate. Pasta aliyekuja kuombea nyumba amefichwa kabatini bila kuelezwa sababu. Jirani, ambaye ndiye pekee anayejua ukweli wote, amebanwa kwa maswali akajitambulisha kuwa fundi wa mifereji, na sasa anaulizwa vifaa vyake viko wapi. Anaingiza mkono mfukoni na kutoa kijiko.

Ukumbi unapasuka kwa kicheko. Lakini ukiliacha jukwaa ukawageukia watu, utaona onyesho la pili. Safu ya mbele mwanamume anapiga paja na kufuta machozi. Viti vitatu kando yake mama mmoja amekunja mikono, uso mkavu. Vijana wa nyuma wanacheka mpaka wanaegemeana, ila kinachowachekesha ni lafudhi ya yule jirani. Shida ya mume hawana habari nayo. Mzee mmoja anatikisa kichwa, na huwezi kujua kama amefurahi au amechukizwa.

Hayo utayakuta katika takriban kila onyesho la aina hii. Wasomi wa fasihi huliita futuhi, watu wa kawaida husema kichekesho, na kanuni zake zinajulikana: milango mingi, uongo mdogo unaozaa uongo mkubwa, na mtu wa heshima zake anayeishia kusimama mbele ya watu akiwa na soksi moja. Nairobi, kikundi cha Heartstrings kimejijengea jina kwa vichekesho vya namna hii, na vikundi vingi katika kaunti vimefuata mkondo huo huo.

Kwa mkazi wa Kiamunyi, kutazama mchezo wa jukwaani ni kushuka mjini. Mtaa wenyewe ni wa makazi, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, kando ya barabara ya kwenda Kabarak na Eldama Ravine, juu yake miteremko ya Menengai. Ukumbi wa Nakuru Players, wenye asili katika enzi za walowezi, uko mjini. Onyesho likiisha, majirani hurudi kwa matatu moja: mwalimu, muuguzi, mstaafu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wanatoka katika jamii mbalimbali na Jumapili kila mmoja ana kanisa lake. Ubishi ulioanzia kwenye mlango wa ukumbi humalizikia langoni kwa mtu, na mara nyingi haumaliziki.

Ukiusikiliza ubishi huo kwa makini, utagundua kwamba watu hawabishani kama mchezo ulichekesha. Hata aliyenuna hukiri kwamba alikaribia kucheka. Wanabishana juu ya nani aliyewekwa mbele achekwe, na kama wale waliomcheka walikuwa na haki hiyo. Kila mtazamaji huingia ukumbini na sheria yake ya aibu mfukoni. Kichekesho huzitoa sheria hizo zote hadharani kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watu waliolipa kiingilio kimoja hugundua kwamba hawakuja kutazama kitu kimoja.

Wake wawili, sheria mbili

Tuanze na wale wake wawili, maana hicho ndicho kisa kilichosafiri mbali kuliko vyote. Mwaka 1983 Mwingereza Ray Cooney alipeleka katika kumbi za West End, London, tamthilia yake Run for Your Wife. Ilichezwa huko kwa takriban miaka tisa. Dereva wa teksi, John Smith, ana mke Wimbledon na mke mwingine Streatham, na maisha yake yote yamepangwa kwa ratiba ya zamu. Siku anayoumia kichwa na polisi kuanza kuulizia anwani yake, ratiba inavurugika. Kuanzia hapo ni milango na uongo hadi mwisho.

Mtambo wa kisa hicho unaendeshwa na jambo moja: Uingereza, mwanamume mwenye wake wawili ni mhalifu. Ukiliondoa hilo, Smith hana sababu ya kukimbia. Sasa mlete Smith Nakuru, umwite jina la hapa, umpe mke mmoja Kiamunyi na mwingine Njoro, kisha utazame ukumbi.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa za namna tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Ya kimila na ya Kiislamu zinaruhusu mke zaidi ya mmoja, nyingine haziruhusu. Aliyefunga ndoa kanisani kisha akaoa tena anaweza kushtakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Mswada wa sheria hiyo ulipojadiliwa bungeni Machi 2014, kipengele cha kumtaka mume apate ridhaa ya mke wa kwanza kiliondolewa, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi kwa hasira. Taifa zima liligawanyika juu ya jambo ambalo jukwaani huchukuliwa kama mzaha.

Ndiyo maana mume anapotokwa na jasho jukwaani, mzee aliyeoa kimila anashangaa. Shida iko wapi? Si awapeleke wote nyumbani, awatambulishe, aache kuhangaika na makabati? Kwake mchezo ni wa mtu mjinga, na anamcheka kwa ujinga huo. Mama wa pembeni, aliyeolewa kwa cheti na pete mbele ya madhabahu, anaona cheti chake mwenyewe kikichezewa. Na yupo wa tatu, ambaye mara nyingi husahaulika: mwanamke aliyegundua habari za mke mwenza siku ya mazishi, wakati mwanamke mgeni alipojitokeza kaburini na watoto wanaofanana na marehemu. Magazeti yetu yamejaa visa hivyo. Kwa miaka mingi sheria ya urithi ilimtambua mjane wa kimila hata pale marehemu alipokuwa amefunga ndoa ya kanisani na mwingine, kwa hiyo mgeni yule hakuja kulia tu; alikuja na madai ya shamba. Ukimuuliza mwanamke huyo kwa nini hakucheka, atakujibu kwamba yeye mchezo huo alishauona, na mara ya kwanza hapakuwa na pazia la kufunga.

Watu hawa watatu wametazama onyesho moja na kuona tamthilia tatu. Mwongozaji aliyebadilisha majina ya mitaa tu na kuiacha sheria ya Uingereza ndani ya kisa hatawaelewa hata mmoja wao.

Kwamba kisa cha kigeni kinaweza kuhamishwa na kikasimama si jambo la kubishaniwa. Mwaka 2012, katika tamasha la Globe to Globe jijini London, waigizaji wa Afrika Mashariki walicheza The Merry Wives of Windsor ya Shakespeare kwa Kiswahili, na Mtanzania Mrisho Mpoto akawa Falstaff. Hicho nacho ni kichekesho cha ndoa na maficho: mwanamume mnene mwenye tamaa anawaandikia wake za watu wawili barua za mapenzi zinazofanana, wanawake wanalinganisha barua, kisha wanamtia adabu mpaka anajikuta ndani ya kikapu cha nguo chafu akitupwa mtoni. Tofauti na kisa cha Smith ni kwamba wake wenyewe ndio wanaoendesha mambo. Mwanamke aliyeko ukumbini, wa cheti au wa mahari, ana mahali pa kusimama.

Lafudhi ya jirani

Mgawanyiko wa pili ni ule wa vijana wa nyuma. Lafudhi ni kicheko cha haraka kuliko vyote katika jukwaa la Kenya. Mwigizaji hahitaji kisa. Anabadilisha herufi moja, anavuta irabu, na tayari ukumbi umemjua anatoka wapi.

Tumelelewa hivyo. Kizazi kizima kilikua na Vitimbi katika televisheni ya taifa, na nyota wake alikuwa Mzee Ojwang', mume mwenye makeke aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Aliyemwigiza, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wengi hawakulijua hilo kwa miaka, na walipolijua wengi walimpenda zaidi. Kwa nini lafudhi yake haikuwakera Wajaluo wengi waliokuwa wakimtazama? Nadhani ni kwa sababu Ojwang' alikuwa mtu kamili. Alikuwa na nyumba, mke mkali aliyeigizwa na Mary Khavere kwa jina la Mama Kayai, tamaa, hofu na heshima aliyoitafuta kila siku asiipate. Ungeiondoa lafudhi, kisa kingebaki. Na majirani zake katika mchezo nao walikuwa na lafudhi zao. Zamu ya kuchekwa ilizunguka.

Kichekesho cha jukwaani kikiwa na mtumishi mmoja tu mwenye lafudhi, naye awe mlinzi wa lango au yaya, zamu haizunguki. Wengine wote wanazungumza vizuri, yeye peke yake anachekwa, na kila anapoingia watu wa kabila lake waliomo ukumbini wanajikuta wanahesabiwa.

Nakuru si mahali pa kulichukulia hilo kwa wepesi. Mwishoni mwa Januari 2008 mji huu uliingia katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, machafuko ambayo nchini kote yaliua zaidi ya watu 1,100. Katika vizuizi vya barabarani siku hizo, jina la mtu na namna anavyotamka maneno vilitosha kuamua kama atapita. Kijana anayecheka leo alikuwa mtoto mchanga au hakuwa amezaliwa. Mwalimu wake aliyekaa safu mbili mbele yake anakumbuka. Hawezi kumlaumu kijana, lakini hawezi kucheka naye.

Serikali nayo imewahi kujaribu kuamua kwa amri ni mzaha upi wa kikabila unaofaa. Mwaka 2013 tamthilia ya Shule ya Wasichana ya Butere, Shackles of Doom, iliyoandikwa na Cleophas Malala, ilizuiwa kuingia mashindano ya kitaifa kwa madai kwamba ingechochea chuki kati ya jamii. Mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda Mahakama Kuu, Jaji David Majanja akaamuru ichezwe, na ikachezwa. Nchi haikuwaka moto. Lakini swali lililoulizwa kortini ndilo lile lile linaloulizwa ndani ya matatu ya Kiamunyi: je, anayeionyesha tabia ya jamii fulani jukwaani anaichongea au anaiambia ukweli?

Mgeni akicheka meno yetu

Kuna mzaha mmoja ambao wenyeji wa Nakuru wanaujua kabla mtu hajaumaliza: meno. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa huachilia floraidi katika maji ya ardhini, na visima vingi vya eneo hili hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya utu uzima yanapojijenga huota meno yenye madoa ya kahawia, na madoa hayo hayaondoki kwa mswaki. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi kwa miaka mingi ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ili kizazi kijacho kiepuke hali hiyo.

Mchekeshaji wa Nakuru akisimama, akatabasamu makusudi mpaka madoa yake yaonekane, na kusema yeye hahitaji kitambulisho polisi wakimwuliza kwao ni wapi, ukumbi humshangilia. Mchekeshaji kutoka Nairobi akisema maneno hayo hayo, mwenye meno meupe, nusu ya ukumbi hucheka na nusu hufunga midomo. Maneno hayajabadilika hata moja.

Wenzetu wa Tanzania wana mpangilio wa kale unaolieleza jambo hili vizuri kuliko nadharia yoyote ya vitabuni. Ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na baadaye wakawa watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kufika msibani akaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akazuia jeneza mpaka apewe kitu, na wewe mfiwa huruhusiwi kukasirika. Lakini ruhusa hiyo ina masharti. Inajulikana nani ni mtani wa nani. Anayetania leo kesho atataniwa, na hana pa kukimbilia. Mtu asiye mtani akijaribu mzaha huo huo amekutukana, basi.

Kichekesho cha jukwaani hufanya utani bila makubaliano. Mwigizaji na mtazamaji hawajuani, hakuna aliyemruhusu mwenzake, na mtazamaji hatapata zamu ya kujibu. Ndiyo maana wachekeshaji wenye akili huanza kwa kujicheka wenyewe. Hawafanyi hivyo kwa unyenyekevu. Wanalipa kodi ya kuingia.

Pasta wa kabatini

Turudi kwa pasta. Kwa miaka mingi mhubiri mlaghai amekuwa mhusika salama kuliko wote katika vichekesho vya Kenya. Mafuta ya upako, sadaka ya mbegu, miujiza ya kupanga: hata waumini walicheka, kwa sababu kila mmoja aliamini pasta anayechekwa ni wa kanisa la pili, si la kwake. Kiamunyi ina makanisa ya kutosha kumpa kila muumini kanisa jingine la kulicheka.

Aprili 2023 mambo yalibadilika. Msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ulianza kufukuliwa miili ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, na hesabu ikapita 400. Baada ya hapo, mhubiri wa jukwaani anayewaambia waumini wafunge mpaka waone malaika hawezi tena kupata kicheko cha zamani. Wapo wanaosema sasa ndio wakati wa kumcheka zaidi, kwa maana kama tungalimcheka mapema kwa ukali unaostahili huenda watu wangalishtuka. Wapo wanaosema mzaha huo umefia Shakahola na uachwe upumzike na waliozikwa huko. Nimewasikia wote wawili wakisemwa kuwa wana makosa, na sijaona namna ya kulimaliza jambo hilo. Mtunzi wa tamthilia Molière alikutana nalo Ufaransa mwaka 1664 alipomleta mnafiki wa dini jukwaani katika Tartuffe. Mfalme mwenyewe aliupenda mchezo, lakini kwa shinikizo la watu wa dini akaupiga marufuku hadharani, na haukuruhusiwa kikamilifu mpaka 1669.

Wakubwa nao wana kiti

Barabara inayopita Kiamunyi ndiyo ya kwenda Kabarak, nyumbani kwa Rais mstaafu Daniel arap Moi, ambako alizikwa Februari 2020. Katika sehemu kubwa ya utawala wake, kumwigiza rais lilikuwa jambo la sebuleni, madirisha yakiwa yamefungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa kikundi cha Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walimtoa sebuleni wakampeleka kwenye televisheni, sauti, mwendo na kirungu. Baadhi ya watu walicheka huku wakitazama mlango. Wengine waliona ni kumvunjia mzee heshima, na hilo lilikuwa na uzito wake kwa watu waliofundishwa kwamba mkubwa hachekwi hata akikosea.

Mwandishi aliyeonja mgawanyiko wa aina hii kwa uchungu mkubwa ni Mrusi Nikolai Gogol. Kichekesho chake, ambacho Christon Mwakasaka alikitafsiri kwa Kiswahili kwa jina Mkaguzi Mkuu wa Serikali, kinasimulia meya na maofisa wa mji mdogo wanaomdhania kijana asiye na senti kuwa mkaguzi wa siri, wakamhonga na kumlisha. Mkenya anayesoma habari za watu wanaokamatwa kwa kujifanya maofisa wa tume ya kupambana na ufisadi hahitaji maelezo zaidi. Kilipochezwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1836, Mfalme Nicholas wa Kwanza alikuwapo na akakifurahia. Maofisa wengi walinung'unika kwamba wametukanwa. Gogol hakuridhika na walionuna wala waliocheka, kwa kuwa aliona hata wanaocheka wanadhani ni porojo tu, na miezi michache baadaye akaihama nchi. Halafu akafanya jambo ambalo sijui mwandishi mwingine aliyelifanya vizuri zaidi: akaandika mchezo mfupi ambao wahusika wake wote ni watazamaji wanaotoka ukumbini, kila mmoja akitoa lake juu ya kichekesho walichokitazama, na mwandishi amejificha pembeni anawasikiliza.

Nakuru ilipata toleo lake la mkasa huo Aprili 2025. Wasichana wa Butere walikuja, safari hii na Echoes of War, ya Malala tena, kisa cha ufalme wa kubuni na vijana wake wanaotaka kusikilizwa. Mchezo ulikuwa umeondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu ikaamuru urudishwe. Malala alikamatwa usiku wa kuamkia onyesho. Asubuhi ya Aprili 10 wasichana waliingia ukumbini katika shule ya Melvin Jones, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Nje, polisi walifyatua vitoa machozi. Ule haukuwa mchezo wa kuchekesha. Lakini ulifunza kitu juu ya watazamaji: nchi nzima iligawanyika vikali juu ya tamthilia ambayo Nakuru hapakuwa na mtazamaji hata mmoja aliyeiona ikichezwa.

Hilo linazidi kuwa la kawaida. Siku hizi kichekesho hutazamwa na kumbi mbili, ule wa waliolipa na ule wa simu. Futuhi hujengwa taratibu. Kijiko kinachochekesha dakika ya 40 kinachekesha kwa sababu ya uongo wa dakika ya tano. Mtu akirekodi sekunde 30 za mume akimfungia mkewe bafuni na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, waliobaki nyumbani wanaona mwanamke anafungiwa bafuni na watu wanacheka. Hasira yao ina msingi katika walichokiona. Waliokuwepo wanawatetea waigizaji kwa msingi wa walichokiona wao. Kundi linawaka moto hadi usiku wa manane, kisha msimamizi anakumbusha watu kuhusu mchango wa ulinzi.

Kichekesho cha nani?

Kuna wanaosema dawa ni kuachana kabisa na aina hii ya mchezo, maana ni mabaki ya walowezi. Hoja yao si ya kubeza. Oktoba 1976 The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilibanwa zikapewa siku chache tu katika Ukumbi wa Kitaifa, Nairobi, kwa sababu ukumbi ulikuwa na nafasi ya baleti ya Wafaransa na ya A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, kichekesho cha Kimarekani chenye nyimbo, kilichochota visa vyake kwa Mrumi Plautus. Tamthilia mbili zilizokuwa zinaandaliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha huko Lagos zilibanwa ili kuupisha mzaha wa Roma. Mtu aliyeishi wakati ule ana haki ya kuwa na kinyongo na milango na makabati.

Lakini kosa lile lilikuwa la ratiba na la wenye ukumbi. Milango na makabati havina kabila. Kinachotukosesha ni uvivu wa kuendelea kuazima aibu za watu wengine, wakati za kwetu zimejaa tele. Chukua ploti moja iliyouzwa mara mbili. Asubuhi ya Jumamosi, pembezoni mwa Kiamunyi, wanunuzi wawili wanafika na mafundi wao, mawe yao na mchanga wao, kila mmoja ana karatasi yenye muhuri. Dalali yuko kati yao, amemtambulisha wa kwanza kwa wa pili kuwa ni kontrakta, na wa pili kwa wa kwanza kuwa ni mtu wa kaunti aliyekuja kupima. Mwenye ardhi wa asili, anayedaiwa kufariki, anakuja kuulizia ng'ombe wake. Lori la maji limefika na dereva anataka alipwe na mwenye ploti. Kila uongo hapo ni wa nyumbani. Hakuna anayehitaji kubadilisha lafudhi ili tucheke, na mume anaweza kuwa na wake wangapi atakavyo.

Mchezo huo nao utagawanya watu. Wapo watakaocheka kwa kuwa yaliwakuta na wamepona, wapo watakaoshindwa kucheka kwa kuwa kesi bado iko mahakamani, na wapo watakaotazama saa zao na kukumbuka kwamba wana safari. Natamani kuona ukumbi wa Nakuru ukigawanyika namna hiyo, mstari ukipita kati ya dalali na mnunuzi, majirani wa makabila yote wakiwa wamekaa pande zote mbili.